Kiganja Kilichoacha Kusikia Bati

Nilijifunza kunyoosha bodi za magari Tanga, kwa fundi aliyetulazimisha kufumba macho. Ukishamaliza kugonga na kupiga msasa, unafumba macho na kupitisha kiganja juu ya bati taratibu, kutoka pale palipo pazima kwenda pale ulipotengeneza. Macho hudanganywa na vumbi la puti ya kuzibia mabonde, alikuwa akisema, lakini kiganja kitakwambia. Nilikiamini kiganja changu kwa zaidi ya miaka thelathini. Kumi na minne kati ya hiyo nimefanya kazi hapa Birmingham, katika gereji ndogo ya mtaa wa Hockley.

Kazi ya huku ni kutu zaidi kuliko ajali. Baridi ikizidi, malori hupita yakimwaga chumvi barabarani ili barafu isishike. Mara ya kwanza nilidhani ni mchanga. Tanga tulikuwa tukiyaosha magari kuyaokoa na chumvi ya upepo wa bahari, na huku watu wanaimwaga wenyewe. Matairi yanairusha juu, inaingia kwenye mikunjo ya bati na kukaa humo hata theluji ikishasahaulika. Gari linaonekana zima, lakini ukiligusa chini kwa bisibisi, bisibisi inazama.

Mwenye gereji ni Msomali aliyekulia Nairobi, akapitia Uholanzi kabla ya kufika huku. Namzidi miaka kumi na kitu, kwa hiyo yeye ananiita mzee, nami namwita bosi. Mimi nilikuwa nakata kutu kwa mashine ya grainda, nachomelea bati jipya, napaka puti na kusawazisha. Yeye anapulizia rangi.

Vidole vilianza mwaka juzi. Asubuhi moja ya theluji, nikingoja basi mtaani Sparkbrook, vidole vitatu vya mkono wa kulia vilipauka mpaka kwenye fundo la pili, kama vya mtu mwingine. Baadaye viliwaka moto, kisha vikarudi hali yake. Nikajiambia ni baridi. Lakini hata joto liliporudi, ganzi haikuondoka yote. Nilianza kuangusha skrubu. Mke wangu alianza kunifunga vifungo vya shati bila kuniuliza, na siku aliponiuliza nilimwambia ni uchovu. Akasema niende kwa daktari. Nikasema nitaenda baada ya Ramadhani, kisha nikasema baada ya Idi.

Ndipo mwaka jana likaja gari dogo la bluu la bibi mmoja Mwingereza wa mtaa wa Acocks Green. Alikuwa muuguzi mstaafu, na kila siku aliliendesha kwenda kumtazama mumewe aliyekuwa akitunzwa kwenye nyumba ya wazee. Lilikataliwa kwenye ukaguzi wa mwaka kwa sababu ya kutu iliyolila juu ya magurudumu ya nyuma. Nilikata sehemu zilizooza, nikachomelea bati jipya, nikapaka puti na kupiga msasa siku mbili. Mwishoni nikafumba macho na kupitisha kiganja. Nilisikia ulaini. Leo najua sikusikia chochote, na kule kutosikia nikakuita ulaini.

Bosi alipulizia rangi jioni, kwa mwanga wa taa, na ndani hapakuonekana kasoro. Asubuhi tulilitoa nje kwenye mwanga, na yule bibi akalizunguka gari lake polepole. Alisimama nyuma, akaweka mkono juu ya gurudumu, akaurudisha, akauweka tena. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama pale palitakiwa kuwa na mawimbi.

Bosi aliinama akatazama. Mawimbi yalionekana waziwazi. Alinivuta pembeni, akanisemesha kwa Kiswahili.

"Mzee, hapa ulipitisha mkono?"

"Nilipitisha."

"Na hukusikia?"

Alinishika mkono, akauweka juu ya bati na kuuburuta pale palipopanda na kushuka. Nilitazama vidole vyangu vikienda.

"Sisikii, bosi," nikasema. "Tangu mwaka jana."

Aliuachia mkono wangu, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya yale mawimbi. Alisema mwaka mzima nimekuwa nikichomelea karibu na matangi ya petroli kwa mikono isiyosikia joto, naye akiwa chumba cha pili. Na ilikuwa kweli.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza yule bibi. Aliniomba nimnyooshee mikono, akatazama kucha, akabonyeza ncha za vidole. Alisema mikono ya namna hiyo aliwahi kuiona wodini, kwa wanaume wa viwandani. Gari lingesubiri, alisema, lakini mimi niende kwa daktari wiki hiyohiyo.

Mke wangu alinisindikiza. Daktari aliniambia nifumbe macho, nami nimwambie kila atakaponichoma kwa pini. Nilingoja. Nilidhani bado anatafuta pini. Nilipofumbua macho alikuwa ameshairudisha mezani na anaandika. Alisema ni mtikisiko wa mashine uliokusanyika miaka mingi, na kwamba kilichokwisha kupotea hakitarudi. Grainda nisiishike tena.

Kwenye basi, tulipokaribia nyumbani, mke wangu alinigeukia.

"Na mimi ulinificha," akasema.

"Nilikuficha."

Akageuka akatazama dirishani. Aliumia, na ilichukua siku kadhaa maneno ya kawaida kurudi nyumbani mwetu.

Bosi alilirudia lile gari kwa mikono yake. Mimi alinipa kazi ya chini: kuosha chumvi, kukausha, kisha kupuliza nta ndani ya mashimo ya bodi ili maji yasipate pa kukaa. Mwanzoni niliona aibu. Ni kazi ambayo mwenye gari haioni. Analala mtu chini ya gari, anatoka amelowa, na gari linaondoka likiwa vilevile. Gari la kwanza kulifanyia hivyo lilikuwa lile la bluu. Bibi alisimama kando na koti lake mpaka nikamaliza, akashukuru, akaenda kwa mumewe.

Mwezi uliopita ilianguka theluji siku mbili mfululizo. Nikiwa chini ya gari bosi aliniita nikatazame mlango aliomaliza kuunyoosha. Nilichukua tochi, nikailaza ubavuni mwa bati ili mwanga uteleze juu yake, nikaufuata hadi ulipokatika. Nilimwonyesha pale palipozama kidogo. Alipitisha kiganja, akaitikia kwa kichwa, akachukua msasa. Nami nikarudi chini.