Mende wa Pasua na Kopo la Mafuta

Enzi zetu, sisi tuliokulia mtaa wa Pasua, mjini, kwenye nyumba za vyumba vingi na ua mmoja, mende hakuwa mdudu wa kupigiwa kelele. Alikuwa mpangaji mwenzetu. Ukifungua kabati la vyombo unamkuta katulia juu ya mwiko, anachezesha ndevu zake kama anayekuuliza umefuata nini. Jiko letu lilinuka mafuta ya taa na mtori wa ndizi wa jana, na nadhani harufu ile ilimpendeza yeye kama ilivyotupendeza sisi.

Mimi nilitaka kujua habari zake. Mbona anatafuna gundi ya majalada ya madaftari yetu na kuacha karatasi? Mbona kwa bibi, kule Machame mlimani, kwenye migomba na ng'ombe, hatumwoni, ila kwetu mjini kajaa?

"Huku baridi," bibi alinijibu. "Mdudu gani mwenye akili zake atapanda mlima?"

Mama hakuwa na nafasi ya maswali hayo. "Aika, shika ufagio, acha kuhoji mende."

Siku moja mjomba akateremka kutoka Machame na mkungu wa ndizi. Tulipomwamkia shikamoo, mende akapita mezani mbele yake bila aibu. Mjomba akacheka. Safari iliyofuata alileta dawa ya kupulizia kahawa ndani ya chupa ya soda.

"Dada, hii inamaliza wadudu wa shamba zima. Hawa wako wataiweza?"

Mama akanyunyizia chini ya kabati, nyuma ya vitanda, mpaka pembeni mwa mkeka. Mende wakatoka wakiyumba, sisi tukashangilia. Mdogo wangu Manka alikuwa bado anatambaa. Mchana ule ule akaanza kutokwa na mate mengi, akatapika, kisha mwili ukalegea mikononi mwa mama.

Mama Zuhura, jirani wa mlango wa pili, alisikia ukelele akaja mbio. "Mtoe nje! Mvue hizo nguo, zina dawa!" Walitoka wawili hao kwenda hospitali, mama miguu mitupu na Manka kifuani, Mama Zuhura kabeba ile chupa ndani ya mfuko ili madaktari waone. Mimi na Zuhura mwanawe tulibaki kizingitini, tumeshikana mikono.

Manka alipona. Lakini alilazwa, na muuguzi alimwambia mama maneno ambayo aliyarudia maisha yake yote: "Dawa ya shamba ikae shamba." Baba akaosha sakafu kwa maji na sabuni mpaka mikono ikachubuka. Mende wakarudi kabla Manka hajarudi.

Sasa tungefanyaje? Jibu tulilikuta mimi na Zuhura ndani ya kopo la mafuta ya kupikia lililoachwa wazi jikoni. Mende walikuwa wametumbukia, wanapanda ukuta wa kopo na kuteleza, wanapanda tena. Tuliinama pale muda mrefu tukiwatazama.

"Hawawezi kutoka," Zuhura akanong'ona. "Mafuta yanawatelezesha."

Tukaomba makopo kila chumba, tukapaka mafuta ndani ya midomo yake, tukaweka kipande cha ndizi mbivu chini. Moja tuliliweka mlangoni, jingine nyuma ya redio ya baba, jingine karibu na ndoo za maji. La mlangoni lilikuwa tupu kila asubuhi. La redio lilikuwa na wachache, maana redio ina joto. La kwenye ndoo lilijaa! Kumbe hawakuwa wakiingia kutoka nje kama watu wazima walivyosema. Ndoo moja ilivuja, na nyuma yake ukuta ulikuwa na ufa. Walikuwa wanakaa ufani na kunywa maji yetu.

Mama alitazama lile kopo, akatutazama sisi, akamwita Mama Zuhura. "Njoo uone walichofanya hawa watoto."

Mama Zuhura aliangalia ule ufa, akacheka. "Mama Aika, ukiziba kwako watahamia kwangu. Tufanye wote."

Jumamosi iliyofuata ua mzima ulitoa vitu nje. Magodoro, masanduku, makabati, vyote juani. Wanaume wakaziba nyufa kwa saruji, wanawake wakamwaga maji ya moto pembeni, sisi watoto tukikimbiza waliotoroka kwa kandambili. Tangu hapo chakula kilifunikwa, vyombo havikulala vichafu, na ndoo iliyovuja ilitupwa. Hawakuisha kabisa, ila waliadimika, na jioni ya Jumamosi ile, tulipokula machalari ya ndizi na nyama pamoja uani, Manka, aliyekwisha kutoka hospitali, alitambaa kwenye sakafu safi ya kibarazani.

Siku hizi naishi mtaa wa Rau, nyumba ya geti. Wanangu wakiona mende mmoja wanapanda kwenye sofa na kumpiga picha kwanza. Nikiwauliza wanadhani anatoka wapi, wananiambia, "Mama, ita tu mtu wa dawa." Mtu wa dawa anakuja, anapuliza, anaondoka, nasi tunakaa nje mpaka harufu iishe. Wiki inayofuata nasikia jirani naye anapuliziwa. Simjui jina, tunapungiana mikono tu kwenye magari. Mende wangu wanakimbilia kwake, wake wanarudi kwangu. Katika mtaa wetu wote, mende ndio wanaotembeleana.