Theluji Niliyomficha Bibi

Juzi wanangu walikaa sebuleni, vichwa vimekutana juu ya simu moja, wanapanga safari ya Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman. Disemba ndio kwanza imeingia, na theluji ya Disemba kule juu ni bahati tu: mwaka huu huanguka, miaka mitatu mingine isionekane hata chembe. Mkubwa wao akaniuliza kama nitafuatana nao. Nikamjibu kuwa nina nguo za kupiga pasi, na nguo zenyewe nilishazipiga tangu asubuhi. Wewe nitakwambia kweli, maana wao sijawaambia: nikisikia habari za theluji naogopa, na mimi ni mtu mzima mwenye mvi.

Katikati ya miaka ya tisini tulikuwa tukikaa Ibra, ng'ambo ya wadi. Wadi ni mto usio na maji. Karibu mwaka mzima huwa changarawe tupu, mbuzi wakipita na vijana wakicheza mpira, mpaka siku mvua inaponyesha milimani. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kuanzia mlangoni mpaka uani. Baba alizaliwa Unguja, mama Tabora, na bibi, mzaa baba, alikuja Oman akiwa mtu mzima na masanduku yake mawili. Asubuhi tuliamka kwa harufu ya iliki na mandazi, tukapanga foleni kumpa bibi shikamoo kabla ya kugusa chai. Kiarabu kilikuwa kitu cha nje, na kilipobisha hodi niliitwa mimi. Barua ya shule, karatasi ya hospitali, fundi wa umeme, yote nilifasiri mimi. Nilikuwa na miaka kumi, mkubwa wa watoto watatu, na mama alipenda kunitania mbele ya wageni kwamba bila mimi wangejikuta wameuza nyumba wakidhani wanatia saini ya mtungi wa gesi.

Mwaka ule daktari alituambia kuwa macho ya bibi yana presha. Mimi ndiye niliyeyafasiri maneno hayo, nimesimama katikati ya bibi na meza ya daktari. Alisema dawa itachelewesha tu, na hakuweza kuahidi kama bibi ataona mpaka mwaka mwingine. Bibi alisikiliza, akashukuru, akafunga buibui lake. Njiani baba akamuuliza kuna kitu gani angependa kukitazama maadamu anaona. Tulidhani atasema Unguja. Akasema anataka kuona theluji inaanguka. Marehemu babu alikuwa baharia, na tangu harusi yao alimsimulia kuwa Ulaya mbingu humwaga unga mweupe hadi watu wakateleza juu yake kwa vibao. Bibi hakumwamini hata siku moja. Sasa alitaka kujua kama aliishi na mwongo au hakuishi naye.

Basi nyumba nzima ikaingia wazimu wa theluji. Mama alinunua masweta ya mitumba na soksi za sufu. Baba alisema tutateleza kwa sinia kubwa la biriani, na wadogo zangu wawili wakawa wanalipeleka kwenye vilima vya mchanga kufanya mazoezi, wakirudi na mchanga masikioni. Mpango ulikuwa rahisi. Baba alifanya kazi kwenye kambi ya mafuta, jangwani kusini, na kule mbingu haimwambii mtu kitu. Mkubwa wake alimkubalia ruhusa ya siku mbili wakati wowote. Kila jioni mimi nitazame utabiri wa hali ya hewa baada ya taarifa ya habari, na baba akipiga simu nimwambie. Nikisema theluji inakuja, atapanda gari usiku huo, na asubuhi tuko njiani kuelekea Nizwa na mlimani. Bibi alikuwa na Kiarabu cha Kurani na cha sokoni, lakini yule bwana wa televisheni alisema mbio mno. Alinitegemea mimi.

Hakuna aliyeniuliza kama naogopa. Na mimi, rafiki yangu, niliogopa kupita kiasi. Majira ya baridi yaliyotangulia, wadi ilishuka mchana wa jua kali na kumchukua mwalimu wetu wa hesabu ndani ya gari lake. Ibra mvua haikunyesha hata tone. Mvua ilinyesha mbali milimani, maji yakaja yenyewe, ya rangi ya chai ya maziwa, yakivuta mitende. Walipolitoa lile gari nilikuwepo. Lilijaa mchanga mpaka madirishani, na kwenye kiti cha nyuma yalikuwamo madaftari yetu. Tangu siku hiyo nikiona wingu jeupe upande wa milima nilihesabu watu wa nyumbani mmoja mmoja.

Na nilijua jambo ambalo wakubwa walilipuuza. Theluji haiji bila wingu, na wingu lile lile ndilo linaloshusha wadi. Njia ya Jabal Shams siku zile ilipita ndani ya wadi, kisha ikapanda kwa kona za changarawe zisizo na ukuta, gari likichungulia bonde. Baba alikuwa akisimulia kona hizo huku anacheka. Mimi nilikuwa nikifunga macho na kuona sinia la biriani likielea juu ya maji.

Novemba nzima niliripoti jua, na lilikuwa jua kweli. Kila jioni bibi alivuta mkeka wake karibu na televisheni, akainua kidevu kama anayesikiliza kasida, kisha akanigeukia. Nilimpa khabari, akasema alhamdulillahi, kesho pia siku.

Jumatatu moja mwanzoni mwa Disemba yule bwana alionyesha ramani, na milima yote ilikuwa imefunikwa. Alisema mawingu ya baridi yatakaa juu ya milima ya Hajar tangu kesho mpaka Alkhamisi. Alisema huenda theluji ikaanguka Jabal Shams. Alisema watu wajiepushe na mawadi. Bibi akageuka.

"Anasemaje, mjukuu wangu?"

Nikasema jua, na upepo kidogo pwani.

Simu ya baba ilikuja muda uleule. Nilimwambia hivyo hivyo, nikisikia sauti yangu mwenyewe kana kwamba ni ya mtoto wa jirani. Ningeweza kumweleza habari ya mawadi, lakini nilimjua baba yangu. Angesema tutapita taratibu, Mungu yupo.

Siku tatu zile sitazisahau. Bibi alikuwa na msemo wake kwamba njia ya mwongo ni fupi, na mimi niliiona inafupika kila saa. Jumanne upepo uligeuka ukawa na baridi ya chuma. Jumatano, siku ya soko la wanawake, bibi alikwenda kama kawaida yake. Soko lile mwanamume haingii, na wauzaji huja hata kutoka Nizwa na Hamra, chini ya Jabal Shams. Nilipotoka shule nilimkuta amesharudi, anachambua mchele. Alinitazama kwa muda, akaniambia nile. Alkhamisi tulisikia mngurumo kutoka wadini, watu wakakimbilia ukingoni, na maji yakapita siku nzima. Nilikaa chumbani nimeziba masikio. Nilimwogopa Mungu, nilimwogopa baba, na zaidi ya wote nilimwogopa yule mwanamke mzee aliyekuwa jikoni akipika uji wa pilipili manga.

Jumamosi, wiki ya shule ilipoanza, kila mtu darasani alizungumzia theluji ya Jabal Shams. Wiki iliyofuata baba alikuja nyumbani, akailaani televisheni, akasema watu wa hali ya hewa hawajui hata paa la nyumba yao. Bibi akasema hiyo ni riziki, haikuandikwa. Sikuadhibiwa. Theluji haikuanguka tena majira yale, na kabla ya Ramadhani iliyofuata bibi alianza kupapasa ukuta akienda msalani. Mwaka mmoja baadaye alikuwa haoni kitu.

Nilikaa na jambo hilo miaka minane. Nilikuwa nasoma chuo Nizwa, na Jabal Shams niliiona kila asubuhi nikifungua dirisha. Likizo moja nilirudi Ibra, nikawa namkanda bibi miguu kwa mafuta ya nazi. Nikamwambia. Nililia kama mtoto, nikamwambia nilimnyima kitu pekee alichokitaka.

"Nilijua," akasema. "Jumatano ile mwanamke wa Hamra aliniambia sokoni kuwa theluji inaanguka. Mabega yake yalikuwa bado yana baridi ya huko. Ningeweza kumpigia baba yako simu mchana ule ule."

Nikamuuliza kwa nini hakupiga.

"Wiki ile nzima ulikuwa ukikojoa kitandani, nami nikiligeuza godoro kabla mama yako hajaamka. Mtoto wa miaka kumi. Nikupandishe mlimani ukafe kwa khofu, ili mimi nitazame barafu?"

Nilikuwa nimelisahau kabisa lile godoro. Nilidhani nilivyoogopa hakuna aliyeona. Bibi akanivuta mkono nikae karibu, uso wake umeelekea pale nilipo.

"Haya, sasa nifasirie sawasawa. Yule bwana alisemaje?"

Nikamfasiria, neno kwa neno, maana nilikuwa nimeyahifadhi. Mawingu ya baridi, milima ya Hajar, tangu kesho mpaka Alkhamisi. Huenda theluji ikaanguka Jabal Shams. Nilipofika kwenye mawadi akatikisa kichwa, akasema hilo ndilo ningepaswa kuanza nalo. Kisha akataka nirudie pale pa theluji, nikarudia, akatabasamu, akasema kumbe marehemu babu yangu alikuwa mkweli.

Bibi alifariki kabla njia ya mlimani haijatiwa lami hadi juu. Nyumba ile tumeihama, na mkeka sijui nani aliuchukua. Wanangu Kiswahili wanakisikia, lakini wananijibu kwa Kiarabu, na habari za mawingu wanazisoma wenyewe kwenye simu kabla sijavaa miwani. Jioni taarifa ya habari ikiisha mimi bado hukaa palepale, nikimsikiliza mtu wa hali ya hewa mpaka neno la mwisho, na hakuna anayegeuka kuniuliza amesemaje.