Fainali Juu ya Mazishi ya Bibi

Deki yetu ya video ilikuwa na mlio wake: ukiisukumia kanda inasita kidogo, halafu inaimeza kwa kishindo, kama mlango wa friji. Mlio huo ndio unaonirudisha New Hope, mji mdogo huku Marekani, kwenye nyumba yetu ya kupanga ghorofa ya pili, Mei ya mwaka 2007, nikiwa msichana wa miaka kumi na moja. Sijasoma sana, na kumbukumbu zangu siziamini zote, kwa hiyo pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Jumamosi ile kulikuwa na fainali ya kombe la Uingereza, wekundu na wale wa bluu, na kwetu huku ilianza saa tatu asubuhi. Baba, mwekundu wa damu, alikuwa zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Golden Valley, pamoja na rafiki yake Mjomba Shaabani, ambaye alikuwa wa bluu. Walikubaliana kutouliza matokeo kwa mtu yeyote mpaka watoke saa tisa alasiri, waje kuangalia pamoja. Mama alikuwa kazini pia. Kurekodi niliachiwa mimi.

Kanda mpya niliyowekewa sikuiona. Labda sikuitafuta vya kutosha. Juu ya deki palikuwa na nyingine isiyo na maandishi. Niliijaribu kwanza, hilo nina hakika nalo: zikatokea chengachenga na mistari inayokimbia, hakuna sura wala sauti. Nikajua ni tupu, nikabonyeza kitufe. Mechi yenyewe, kusema haki kwa timu zote mbili, ilichosha. Ilipokwisha ndipo nilipookota bahasha ya kaki nyuma ya kabati, ina mwandiko wa baba mdogo wa Tabora: "Mazishi ya Mama." Bibi alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, na Baba hakuweza kusafiri. Kwamba kanda zilizorekodiwa kwetu Tabora hazionyeshi kitu kwenye deki za Marekani, hata zikiwa zimejaa, kwa kuwa mifumo ni tofauti, nilikuja kuambiwa baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba nimemfuta Bibi.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda wa karibu saa nne. Walipoingia, Baba bado amevaa sare yake inayonuka sabuni ya hospitali, wote wawili walikuwa wameziba masikio.

"Baba, kuna kitu nataka kukwambia."

"Usitamke neno."

"Siyo mpira, Baba."

"Hata uso mgeuzie ukutani," akasema Mjomba Shaabani. "Uso wa huyu mtoto unavuja matokeo."

Nikajaribu tena wakati wa mapumziko, Baba akaanza kuimba ili asinisikie. Basi nikakaa kwenye zulia, nikaangalia upya dakika zote mia na ishirini, nikiwaona wale wachezaji wanakimbia juu ya kaburi. Nilikuwa najua bao la bluu litaingia dakika za mwisho kabisa, na nilitamani lisifike kamwe. Likafika.

"Pole, Mnyamwezi," Mjomba Shaabani akasema. "Nikuletee leso au shuka?"

Baba akazima televisheni. Ndipo nilipomkabidhi bahasha na kumwambia nilichofanya. Aliisoma polepole, akatazama deki.

"Hii tulishaitolea nakala inayoonekana huku," akasema. "Shaabani aliipeleka kwa fundi, Saint Paul. Nakala iko kwenye sanduku la mama yako. Tuliiangalia siku moja uko shule." Akaongeza kwamba kosa lilikuwa lake, kuiacha pale juu. Sikubaliani naye mpaka leo; tugawane nusu kwa nusu.

Nikacheka na kulia pamoja. Mjomba Shaabani ni Mzaramo, mtani wetu, na mtani ana ruhusa hata msibani. "Mama yako alikuwa hataki hata kusikia habari za mpira," akamwambia Baba. "Leo mjukuu wake kamkalisha mpaka dakika za nyongeza." Baba akacheka mpaka akavua miwani.

Sasa nina mume na nyumba yangu Woodbury, na simu hunipa matokeo kabla sijayataka. Shangazi alipozikwa Tabora mwaka jana, Baba aliyafuata mazishi yote jikoni kwangu, yakirushwa moja kwa moja kwenye simu hiyo hiyo, na aliposikia wimbo wa kwao aliimba nao. Sitadanganya kwamba zamani ilikuwa bora. Kwa mtu aliye mbali na kwao, sasa ni afadhali mno. Yalipokwisha akauliza kama yamehifadhiwa mahali. Nikamwambia yapo, hayafutiki.

"Hayafutiki, mikononi mwako?" akasema, akinirudishia simu. "Basi mwachie mumeo aitunze."