Aliyesema "Ni Mimi" Kabla Swali Halijaisha

Nje hakujapambazuka sawasawa. Mama Mvuke amesimama mbele ya boila, mkono mmoja kiunoni, mwingine uko karibu na kitufe chekundu. Habonyezi. Anageuka mlangoni na kuita.

"Wifi, njoo."

"Nakuja."

"Njoo sasa. Siwashi mpaka nikuone."

Wifi yake, mpiga pasi wa chumba cha pili, anaingia na kilemba mkononi, hata hajakifunga. "Kila siku unanifanya shahidi," anasema. "Shahidi wa mahakamani hupewa hata chai."

"Utakunywa. Kwanza tazama kidole changu kinakokwenda."

Kidole kinakwenda kwenye kitufe. "Nawasha boila," Mama Mvuke anasema kwa sauti, kama anayezungumza na mtu mwenye masikio mazito. "Siwashi kingine."

Boila inakohoa mara mbili, kisha inanguruma. Wifi anatikisa kichwa, anafunga kilemba chake na kurudi kwenye pasi zake. Hivyo ndivyo siku inavyoanza katika nyumba hii ya kufulia nguo, tangu mama huyu alipojifunza kwamba neno moja linaweza kumkalisha mtu nyumbani bila kazi na kumletea askari mtaani.

Nyumba yenyewe inafua mashuka ya hospitali, taulo za nyumba za wageni na vitambaa vya jikoni vya mikahawa. Boila ndiyo moyo wake. Mvuke usipopanda, maji hayachemki, pasi kubwa hazipati moto, na watu wote wanakaa wakitazamana. Mama Mvuke alianza kazi hapa akiwa na mimba ya mwanawe wa kwanza. Mwana huyo sasa ana mke.

Zamani boila ilikuwa ya kuni, naye alikuwa akikoka moto kwa mikono yake na kutoka na majivu kwenye nyusi. Ilipoletwa ya dizeli, kazi ikawa kubonyeza. Chini ya kitufe kuna bati, na kwenye bati limechongwa neno la Kiingereza: IGNITE.

Hakuna aliyewaeleza maana yake. Fundi aliyeifunga alisema tu, "Hapa ndipo pa kuwashia," akaondoka. Wafanyakazi wakalitamka walivyoweza, likawa iginaiti. Likaota mizizi. Anayetaka kujua kama mvuke upo anauliza, "Umeshapiga iginaiti?" Boila ikikataa kuwaka, wanasema iginaiti imegoma. Kuna mwaka wifi alimwambia kaka yake, mbele ya wageni, "Mkeo hakupigi iginaiti siku hizi? Mbona umepoa hivyo?"

"Ndilo neno la Kiingereza nililokuwa na hakika nalo," anasema Mama Mvuke, ambaye shule yake iliishia msingi. "Gudi moningi nayo ninayo, lakini hiyo kila mtu anayo."

Mzazi unayesoma hapa, shika hapo. Mwanao akipata kazi, usimuulize tu kama amekula. Muulize mashine yake imeandikwa nini, na nani aliyemwambia maana yake.

Siku moja mchana ulitokea moto, watu wakiwa wanakula uani. Haukutokea kwenye boila. Ulitokea ng'ambo ya ua, kwenye chumba cha kukunjia, kwenye rundo la vitambaa vya jikoni vilivyotoka kwenye mashine ya kukaushia. Rafu mbili ziliteketea na dari ikawa nyeusi. Wazimamoto walifika, wakamwaga maji, wakaondoka. Hakuna aliyeumia.

Siku chache baadaye akaja mkaguzi wa bima. Mtu mpole, kwa maelezo ya wote waliomwona. Viatu safi, sauti ya chini. Alikaa ofisini kwa meneja akawaita wafanyakazi mmoja mmoja. Alizungumza Kiingereza, na karani wa ofisi akawa mkalimani.

"Alinivutia kiti," anakumbuka Mama Mvuke. "Kile kiti cha meneja cha kuzunguka. Miaka yote ile sikuwahi kukikalia. Ningejua ni kwa nini ninakarimiwa, ningesimama."

Mkaguzi akauliza swali lake. Lilikuwa refu, na ndani yake kulikuwa na neno lile. Mama Mvuke alilisikia kama mtu anavyosikia jina lake katikati ya kelele za soko. Karani hajafungua mdomo, yeye ameshanyoosha mkono.

"Iginaiti ni mimi," akasema.

Mkaguzi akamtazama. Akauliza tena, polepole zaidi. Karani akageuza: "Anauliza, ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Kila siku ni mimi."

Kalamu ikasimama. "Kila siku?"

"Hata sikukuu."

"Unakuwa na nani?"

"Peke yangu. Sipendi mtu anisumbue wakati ule."

"Kwa nini unafanya hivyo?"

Mama Mvuke alishangaa swali hilo, akaona labda mgeni haelewi maisha ya watu. Akamjibu kwa upole. "Nisipowasha mimi, hawa wote watakula nini?"

Alitoka ofisini akiwa na furaha. Alimwambia wifi kwamba ameongea na mtu wa bima na mengine ameyajibu bila mkalimani.

"Na karani alikuwa anafanya nini?" wifi akauliza.

"Alikuwa anatazama meza."

Mama Mvuke analirudia jambo hilo mpaka leo: anatazama meza. Karani alikuwepo siku boila ilipoletwa. Anajua iginaiti ya pale uani ni nini. Naye mwenyewe huuliza kila asubuhi kama imeshapigwa.

Kesho yake meneja alimwita kando ya geti. Hakumwambia amefukuzwa. Alimwambia apumzike kidogo nyumbani, "mambo yakae sawa." Aliyewahi kuambiwa maneno hayo anajua uzito wake. Mshahara nao ulipumzika.

Askari akaja mtaani kuuliza mama huyu ni mtu wa namna gani. Alikuja mara moja tu, lakini mtaa hauhitaji mara mbili. Ulimi uliwawasha watu. Jirani aliyezoea kuja kuomba kiberiti akaacha kuja; akawa anakwenda kukinunua dukani, naye mama akimwona dirishani akipita nacho. Mwingine, kila Mama Mvuke akipita, alianua nguo zake kambani hata kama bado zinachuruzika maji.

"Niliona kabisa," anasema. "Nguo mbichi unaanua za nini?"

Kilichomuuma zaidi ni cha ndani ya nyumba. Mumewe alikuwa akifunga kamba za viatu kwenda kazini, kichwa chini, akasema, "Mama watoto, lakini hukugusa kitu kule? Hata kwa bahati mbaya?"

"Nimekaa nawe miaka yote hii, unaniuliza ukiwa umeinama," akamjibu.

"Nauliza tu."

"Anayeuliza tu hutazama usoni."

Siku nne hawakusemezana, isipokuwa kuhusu chumvi.

Wakati huohuo mzimamoto aliyewaongoza wenzake siku ya moto alirudi kwenye jengo. Alichambua mabaki, kisha akasimama uani akazungumza na meneja na mkaguzi kwa Kiingereza, karani akiwa kando yao. Wafanyakazi walikuwa wamejipanga ukutani wakitazama midomo tu. Mazungumzo yalipokwisha, wafanyakazi wakamzunguka karani. Amesemaje?

"Amesema nguo ziliwashwa zikiwa kwenye rundo," karani akasema, akaingia ofisini.

Ziliwashwa. Kila aliyesikia alielewa vilevile: kuna mkono. Na mkono wenyewe ulikuwa umeshajitaja.

Wifi alipeleka habari hiyo jioni, akaipeleka bila utani, jambo ambalo lilimtisha Mama Mvuke kuliko habari yenyewe.

"Wewe unaamini?" Mama Mvuke akamwuliza.

"Mimi naamini hukuwasha. Lakini huyo mzimamoto amesema ziliwashwa. Basi kamwulize ni nani. Yule anajua moto, si amesomea?"

"Nikienda, si watasema nimekwenda kuhonga?"

"Usipokwenda watasema umejificha. Chagua lipi wakuseme."

Akaenda. Alimkuta mzimamoto kwenye uwanja wa kituo chao, amekunja suruali, anaosha mpira wa maji. Alisimama mbali kidogo, mkoba kifuani, akimchunguza. Alikuwa ameshachoka na watu wapole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye wa kule kwenye nguo."

"Naam. Karibu."

"Sikai. Nataka kujua nani aliziwasha."

Mzimamoto akafunga maji. "Aziwashe nani tena, mama? Ziliwaka."

"Wewe ulisema ziliwashwa."

"Mimi? Sijasema hivyo. Vitambaa vile vilikuwa vya jikoni, vina mafuta ambayo hayakutoka vizuri. Vikakaushwa, vikatolewa vya moto, vikarundikwa vivyo hivyo. Joto likakosa pa kutokea. Likakaa humo likijipika mpaka vikawaka vyenyewe. Hakuna mtu hapo."

"Kwa Kiingereza ulisemaje?"

Mzimamoto akafikiri. "Nilisema tu viliignite kwenye rundo."

Mama Mvuke alirudi nyuma hatua moja. Neno lilelile. Limemfuata mpaka huku.

"Hilo si la kuwasha?" akauliza.

"Ni la kuwasha. Na ni la kuwaka. Kwao ni hilohilo. Mtu akiwasha boila, ndilo. Kitambaa kikiwaka chenyewe, ndilo. Hata ugomvi ukizuka mahali, wanaweza kulitumia. Hata mtu akipata hamu ya jambo moyoni."

"Kwa hiyo ukilisikia, hujui kama kuna mtu au hakuna."

"Unasikiliza maneno ya jirani yake. Maneno yanayolitangulia na yanayolifuata."

"Mimi sikuwasikia majirani," Mama Mvuke akasema. "Lugha gani hiyo isiyojali nani kafanya?"

Mzimamoto alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki. Akamuuliza ilikuwaje. Mama akamsimulia yote: kiti cha kuzunguka, mkono alionyoosha, kila siku, hata sikukuu. Mzimamoto akashusha suruali aliyoikunja, akavaa viatu, akasema, "Twende."

Uani, mbele ya watu wote, mzimamoto alisema kwa Kiswahili: "Vile vitambaa viliwaka. Havikuwashwa. Nani amewaambia viliwashwa?"

Macho yakageuka kwa karani. Karani akatabasamu. "Si yaleyale? Waka, washa. Si mtu na nduguye?"

"Mtu na nduguye hawafungwi kwa kosa moja," wifi akasema kutoka mlango wa chumba cha pasi.

Hakuna aliyecheka. Meneja alikohoa, akamwambia Mama Mvuke arudi kazini kesho yake. Hakumwomba radhi. Alimwambia boila imekuwa ikisumbua, kama kwamba boila ndiyo iliyomkumbuka.

Hapo wengine wangesema mambo yamekwisha. Mama Mvuke hasemi hivyo. Amerudi na macho mengine. Amewauliza wenzake wa mashine za kukaushia ni nani aliyeagiza vitambaa vile vitolewe kabla havijapoa. Wamemjibu: dereva wa mkahawa alikuwa anahimiza getini, na karani ndiye aliyekuja kusema vitolewe hivyo hivyo.

"Sisemi alikusudia," anasema, akipunguza sauti na kutazama mlango. "Huenda Kiingereza chake ni kama changu, kina shati zuri tu. Sina ushahidi. Lakini mtu aliyeagiza nguo za moto, ndiye aliyesikia naungama, akatazama meza. Na leo ananisalimia vizuri kuliko zamani. Mbona zamani hakunisalimia hivyo?"

Karani, alipoulizwa, alisema yeye hutafsiri anachoambiwa, na kwamba mama yule alijibu kabla ya kuulizwa. La mwisho hilo ni kweli, na Mama Mvuke hulikubali bila kubishana. Ndilo analowaonya wenzake. Mtu mgeni akija na swali, mwache alimalize. Ukisikia ndani yake neno unalolijua, ndipo unyamaze zaidi, kwa maana umelijua upande mmoja tu na hujui upande wa pili unaelekea wapi.

Jambo moja bado linamnyima raha. Mkaguzi aliondoka na majibu yake, na hakuna aliyeyarudisha. "Ni mimi" yake iko mahali, kwenye meza asiyoijua. Bila hilo kufutwa, anasema, siku yoyote kijiti kikiwaka hapa, watakuja moja kwa moja kwake.

Kwa hiyo amemwomba meneja amwite mkaguzi arudi, amwulize upya, kwa Kiswahili, na mzimamoto awe ndiye mkalimani. Meneja amekubali shingo upande. Mkaguzi ameahidi kuja mwisho wa wiki. Mumewe ameomba ruhusa kazini ili awepo. Alimwambia akimtazama usoni.

Juu ya lile bati kuna herufi mpya zilizoandikwa kwa rangi ya kucha ya wifi, nyekundu, zimepinda kidogo: WASHA BOILA. "Siku nikistaafu," anasema Mama Mvuke, "atakayenifuata asome anachokifanya."

Mvuke umeshapanda, lakini kabla ya watu wengine kuingia, wifi anarudi kutoka chumba cha pasi, anavuta ndoo, anaipindua na kuikalia kwa madaha. Leo yeye ndiye mkaguzi. Anakunja mguu, anashika kijiko kama kalamu, na kuachia Kiingereza cha kubuni, kirefu, kinachopanda na kushuka. Katikati yake analichomeka: iginaiti.

Mama Mvuke anamtazama tu. Mikono ameiweka mapajani.

"Mama, hujajibu," wifi anasema.

"Hujaniuliza."

"Nimekuuliza. Nani kaiginaiti?"

"Kaiginaiti nini?"

Wifi anakwama, anatafuta, kisha anacheka mpaka ndoo inayumba chini yake. Mama Mvuke hacheki bado. Anasubiri swali liishe.