Hodi katika Nyumba ya Mawe

Mwaka ule riwaya yangu ilikuwa imekwama, na nikapata kibarua cha kutembeza watu kwa sauti ndani ya nyumba ambayo sijawahi kuiona. Nyumba yenyewe iko milimani huko Ulaya. Mimi niko Durban. Mgeni anavaa hedifoni mlangoni, anachagua lugha, na anayechagua Kiswahili anasikia sauti yangu ikimwongoza chumba hadi chumba.

Aliyenipa kazi ni mhifadhi wa nyumba hiyo, mama wa makamo aliyezaliwa humohumo. Katika barua pepe yake ya kwanza alinieleza kwamba kijiji chao kimehamwa. Watu walishuka bondeni kufuata viwanda, familia moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki nyumba moja tu yenye vitu vyake vyote ndani, nyumba ya mama yake: sufuria za shaba, susu la watoto, kikapu cha kubebea majani makavu ya ng'ombe. Mradi wa kulinda urithi ulikubali kulitengeneza paa, ambalo limeezekwa kwa mabapa ya mawe, kwa sharti kwamba nyumba ifunguliwe kwa watu wote. Kiswahili alikitaka kwa sababu mji wa bondeni ulikuwa umepokea familia za Wakongo waliotoka kambi za wakimbizi, na shule ilikuwa inakusudia kuwapandisha watoto wao huko juu.

"Ulaya imejaa nyumba za namna hii," aliandika. "Mlango umefungwa, kengele imeibwa, paa linasubiri theluji moja tu."

Kulikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi. Mama yake alikuwa na miaka tisini na moja, anaishi katika makao ya wazee bondeni, akili yake ni timamu kabisa, na alikuwa anakataa kutia saini. Hataki, alisema, watu asiowajua wapite nyumbani kwake kama upepo. Asipokubali kabla ya majira ya baridi, mafundi hawatapanda, paa litaporomoka, na nyumba itakwisha. "Sitamlazimisha," aliandika binti. "Ila ninaandaa kila kitu, nikitumaini."

Maandishi yalikuja kwa Kiingereza. Chumba cha kwanza kilianza hivi: Sasa upo jikoni.

Nilikaa na sentensi hiyo asubuhi nzima, katika kijumba changu cha uani mtaa wa Morningside, tumbili wakikimbizana juu ya bati. Ilikuwa sentensi nyepesi, mtoto angeweza kuitafsiri. Lakini kila nilipoiandika niliona haya, kana kwamba nimekutwa nikifunua vyungu vya watu. Kwetu hakuna mtu anayejikuta tu yupo jikoni kwa mwenzake. Shangazi aliyenilea aliwahi kunirudisha nje kwa jirani mara mbili kwa siku moja. "Umeingia kama mbuzi," alisema. "Toka, uingie tena kama mtu." Unapiga hodi, unangoja. Unapiga ya pili, unangoja. Ya tatu isipoitikiwa, unarudi ulikotoka, hata kama unaona moshi jikoni.

Basi nikaandika hodi tatu mwanzoni mwa kila chumba, na baada ya kila moja nikaacha nafasi ya kungoja. Hakuna aliyeniagiza. Niliona tu kwamba bila hizo sitaweza kuingia.

Tulirekodi mtaa wa Albert Park, katikati ya jiji, kwenye ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani. Fundi wangu alikuwa Mkongo wa Uvira, anayetengeneza simu asubuhi na kurekodi kwaya za makanisa mchana. Studio yake ilikuwa chumba cha kulala kilichobandikwa trei za mayai ukutani na magodoro makuukuu aliyoyanunua soko la Warwick. Ndani mlikuwa na zulia, kompyuta, maiki, na kreti ya plastiki aliyoikalia yeye. Mimi nilisimama.

"Dada mwandishi," alisema akisoma karatasi yangu, "hii hodi-hodi ni ya nini? Mu hii nyumba haiko mutu."

"Ni adabu tu."

"Eish. Nyinyi Batanzania! Munasema pole hata kwa meza." Akacheka peke yake, kisha akainua kichwa. "Miye niulize kitu kimoja. Wakati bale bazungu balikuja kwetu, nani alipiga hodi?"

"Hakuna."

"Sasa wewe unawapigia tatu."

"Nampigia bibi wa watu, kaka. Washa mashine."

Akawasha, akitabasamu. Nilisema hodi, nikangoja. Nikasema ya pili, nikangoja. Baada ya ya tatu nilisikia honi za teksi, daladala za huku, kutoka barabarani, zile za kawaida zinazopenya magodoro yote, kisha nikaingia jikoni kwa maneno: meko, sufuria, meza ndefu iliyochongwa kwa shoka. Nilimaliza bila kukosea. Tukaketi kusikiliza.

Baada ya hodi ya tatu, ndani ya ile nafasi niliyoiacha, kiti kiliburutwa.

Kilikuwa kiti cha mbao, kizito, juu ya sakafu ya mawe. Mguu mmoja ulikwaruza zaidi ya mingine. Yaani ni ile sauti ya mtu mzima anayesogeza kiti nyuma ili ainuke.

Fundi alirudisha nyuma. Kikaburutwa tena.

"Ni wewe?" aliniuliza.

"Mimi nimesimama."

Alitazama kreti yake ya plastiki, akatazama zulia. "Majirani wa juu," akasema, lakini alisema polepole. Alizima feni, akazima simu zote mbili, akafunga na dirisha la bafuni. Tukaendelea na chumba cha pili, zizi la ng'ombe lililo chini ya jiko, ambalo joto lake ndilo lililopasha nyumba. Safari hii kulikuwa na ndoo ya chuma, ikiwekwa chini, na mpini wake ukilala pembeni: kling. Cha tatu kilikuwa ghala la mikate, mahali walipohifadhi mikate ya miezi sita iliyokauka kama matofali. Pale ilisikika pumzi. Hapakuwa na neno, ni ule mguno mdogo anaoutoa mtu anaponyoosha mkono kufikia rafu ya juu.

Fundi alivua hedifoni, akaziweka gotini. Mzaha ulikuwa umemwisha usoni.

"Nifute?"

"Usifute."

"Dada, miye niko mutu wa kanisa. Hapa kesho inakuja kwaya ya bamama. Nitaita pasteur aombee."

"Utamwambia nini? Kwamba umerekodi ndoo?"

Sikuwa jasiri. Lakini mimi ni mtu wa kuandika, na uroho wangu ulikuwa mkubwa kuliko hofu. Nilitaka kujua chumba cha nne kina nini.

Cha nne kilikuwa juu, chumba cha kulala. Maandishi yalisema: Mbele yako ni kitanda ambapo walizaliwa na kufa watu wa nyumba hii kwa vizazi sita.

Safari hii nilivaa hedifoni zake nisikie papo hapo. Nilisema hodi. Nilisema hodi. Nilisema hodi.

Hakuna kilichoitika. Na hicho ndicho kilichonitisha kuliko kiti, kwa sababu kila kitu kilinyamaza nacho, hata jiji. Honi zilikoma. Mtoto wa ghorofa ya tatu aliyekuwa akilia tangu saa saba alinyamaza. Pale chini kwenye robot, yaani taa za barabarani, mahali ambapo kila saa ya mchana kuna mtu anamtukana mwenzake kwa lugha nne, palikuwa kimya. Nimeishi Durban miaka sita, sijawahi kusikia Albert Park ikinyamaza. Ulikuwa ukimya wa nyumba, wa ngazi zinazopanda kwenda kwenye mlango uliofungwa.

"Soma basi," fundi alininong'oneza.

"Sijaitikiwa."

"Ni maandishi tu, dada. Soma, twende."

Nilifungua mdomo. Nilijua maneno, yalikuwa mbele yangu, nimeyaandika mwenyewe. Sikuweza. Nikavua hedifoni na kurudi nyuma hatua mbili mpaka mgongo ukagusa godoro. Na hapo ndipo honi moja ikalia, kisha zote.

Jioni ile nilituma vyumba vitatu kama vilivyorekodiwa. Kuhusu cha nne niliandika ukweli nusu: kwamba kwa desturi yetu asiyeitikiwa haingii, kwamba naomba radhi, kwamba wakitaka watafute sauti nyingine. Sauti za kiti, ndoo na pumzi sikuzitaja. Fundi alisema hataki kuweka nakala, akaniangalia mpaka nikazifuta kwenye kompyuta yake.

Wiki mbili hazikuja na jibu. Nilianza kuamini kwamba nimeharibu, kwamba kwa ukaidi wangu nimempa yule bibi sababu moja zaidi ya kukataa. Nilimwona akilini paa likimwangukia, ingawa hakuwa akiishi humo tena.

Kisha mhifadhi akapiga simu. Nilikuwa napanga foleni Warwick kusubiri teksi ya kurudi nyumbani, nikatoka kwenye foleni na kusimama karibu na mama anayeuza mizizi na magome ya dawa, kidole kikiwa kwenye sikio lingine.

Alisema alimpelekea mama yake rekodi bila kusudi kubwa. Bibi alikuwa ameuliza lugha ya wale watoto wapya ina mlio gani. Alimvalisha hedifoni. Kwa hodi ya kwanza aliinua uso. Kwa ya tatu aliitika, kwa sauti, neno la lugha yao ya milimani ambalo husemwa kwa mtu aliye mlangoni.

"Neno hilo sijalisikia tangu nikiwa mtoto," alisema binti. "Wanaolijua wamebaki labda thelathini. Akaniambia: huyu amelelewa."

Nikacheka, nikataka na kulia. Kisha akasema, "Nimeshangaa jambo moja. Ulijuaje kuhusu kiti?"

"Kiti gani?"

"Cha jikoni. Kina mguu uliopinda, kinakwaruza. Wageni wangu wote wa majaribio wamekisifu, wanasema ni ufundi mzuri, kuongeza sauti namna ile. Na ndoo."

Mama wa mizizi alinitazama, akanisogezea kigoda chake kwa mguu. Nikakaa.

"Sikuongeza kitu," nilisema.

Nilisikia upepo upande wake, au mkwaruzo wa laini ya simu. Halafu binti akauliza tulirekodi saa ngapi. Nikamwambia, alasiri, kama saa tisa.

"Baada ya chakula cha mchana," alisema taratibu, "mama hufumba macho, na huwaambia wauguzi wasimsumbue. Anasema yuko nyumbani. Tumezoea, ni usemi wake. Huanzia jikoni. Kisha hushuka kwa ng'ombe. Kisha mkate."

"Na juu?"

"Hilo ndilo aliloniuliza. Kwa nini mgeni hakuingia chumba cha juu? Nikamwambia ulichoandika, kwamba hukuitikiwa. Akasema ni sawa. Akasema: juu sipandi bado. Siku nikipanda, sitashuka."

Mtu alipita na mkokoteni akipiga kelele watu wapishe.

Bibi alikuwa ametia saini. Aliweka masharti mawili: kwamba kila lugha ipige hodi kwa namna yake na ingoje, na kwamba chumba cha juu kibaki kimefungwa maadamu yeye yu hai. Mafundi wa paa walikuwa wameanza kupandisha mawe. Sasa, alisema binti, kilichobaki ni kitu kidogo. Wageni watafika juu ya ngazi na kukuta mlango umefungwa. Je, ningeweza kuwarekodia sentensi moja pale?

Fundi hakufurahi kuniona. Alinifungulia akiwa amesimama katikati ya mlango kama askari. Nilimweleza yote, kuanzia bibi hadi kiti. Alisikiliza akiwa ameshika kidevu.

"Kwa hiyo mutu iko," alisema.

"Yupo. Ni mzima. Ni mzee tu."

"Mutu mzima si mbaya." Alifikiri. "Sharp, sawa. Ingia."

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: Hapa ndipo tunapogeuka, shuka taratibu, na ushike ukuta. Fundi aliweka maiki sawa, akainua kidole, kisha akakishusha.

"Na hodi? Mu vyumba vyote umepiga."

"Hapa sipigi."

"Sababu?"

Nilimtazama, naye akanitazama, na niliona jinsi alivyoelewa, kwa sababu alipeleka mkono kwenye kitufe na kushusha sauti ya hedifoni hadi chini kabisa. Niliogopa kuitikiwa. Siku ile nilisimama nje ya mlango ule na kuita mara tatu, kwa adabu zangu zote, nikimwita bibi wa watu apande ngazi, na nashukuru mpaka leo kwamba alikuwa na kazi nyingine chini.

Nilisoma sentensi mara moja tu, haraka. Fundi aliihifadhi na kuituma papo hapo. Tukachukua funguo tukashuka ghorofa zote nne kwenda kununua chai, bila kuisikiliza.