Pengo Lisilo na Kadi

Kila asubuhi, kabla hajaweka mkoba chini, Mama Mafaili alifungua kabati la chuma na kupitisha kiganja kwenye migongo ya mafaili, rafu ya chini mpaka ya juu, polepole, kama mtu anayemgusa mtoto aone kama ana homa. Hakuwa na haja ya kutazama. Faili likitolewa, mahali pake husimamishwa kadi nyekundu, ngumu, imeandikwa aliyelichukua na tarehe. Kidole kikikutana na kadi, anaisoma, anaendelea. Ndiyo sheria, na yeye, mratibu wa rasilimali watu katika wakala wa serikali unaosimamia mabwawa, alikuwa ameishika miaka kumi na tisa. Walimcheka na wakampa jina hilo, akalizoea.

Jumanne moja kiganja kilitumbukia.

Faili hakuna, kadi hakuna. Pengo tupu la vidole viwili kwenye rafu ya tatu. Alijua la nani. Lilikuwa la Mpimaji, yule bwana mrefu wa viatu vya matope anayekwenda bwawani kila wiki kupima kimo cha maji na kuukagua ukuta.

Akaenda chumba cha pili, masjala, kwa karani mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Mzee wangu, nani kachukua faili bila kadi?"

"Mafaili ya siku hizi yana miguu, mwanangu." Karani hakucheka. Aliinamia daftari lake kana kwamba limemwita. "Funguo za kabati ni mbili. Mmoja unao wewe. Huo mwingine usiniulize, maana unajua ulipo."

Alijua. Ulikuwa ghorofa ya juu, kwa Mkurugenzi.

Na kulikuwa na jambo jingine alilolijua, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka uliopita faili la dereva mmoja liliondoka vivyo hivyo, bila kadi. Lilikaa siku mbili, likarudi limenenepa. Alilibonyeza kwa kidole gumba, akausikia unene, akajitia hamnazo. Wiki iliyofuata akaletewa barua ya kumwachisha dereva kazi aipige chapa, akaipiga. Dereva alitoka na boksi lenye kikombe na taulo, akampungia mkono pale dirishani kwa sababu hakujua. Tangu siku hiyo Mama Mafaili alihamisha kiti chake, akakaa akilipa dirisha mgongo.

Saa nne akaitwa juu.

Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, wa sauti ya chini, anayemmiminia mgeni chai kwa mkono wake. Faili la Mpimaji lilikuwa wazi mezani, na juu yake karatasi mbili.

"Kaa, dada yangu. Hizi ni barua mbili za onyo. Zilisahaulika kuingizwa. Ni za mwaka jana. Zipigie namba na tarehe za wakati ule, basi."

Pale kazini, karatasi ikiingia kwenye faili hupewa namba kwa kalamu nyekundu, pembeni juu, na chini ya namba tarehe iliyoingia. Ni kazi ya mkono mmoja tu, mkono wake. Saba yake ina mkia, na wakaguzi wote waliijua ile saba.

"Za yule dereva ziliandikwa na mtu mwingine," Mkurugenzi akasema, akikoroga chai. "Wakaguzi wakauliza maswali. Safari hii nataka mkono wenyewe."

"Mpimaji kakosa nini, mheshimiwa?"

"Anaandika sana. Anasema ukuta una ufa. Ukuta ule ulizinduliwa na watu wazito, dada yangu. Ufa hauwezi kuwepo."

Mama Mafaili alilitazama buli. Lilikuwa na ufa mwembamba chini ya mpini.

"Kesho kabla ya saa sita," Mkurugenzi akasema, akimsukumia faili. Alipofika mlangoni akamwita tena, kwa upole uleule. "Na faili lako nimelipitia. Jembamba mno kwa miaka kumi na tisa. Faili jembamba lina nafasi nyingi."

Akateremka ngazi ameshika ukuta, akalifungia faili kwenye droo yake.

Alasiri Mpimaji mwenyewe akaingia na fomu ya safari.

"Mama Mafaili, nigongee muhuri kabla maji hayajanigonga."

"Ufa ukoje?"

"Mwezi uliopita niliingiza ncha ya kalamu. Juzi nimeingiza hiki." Akainua kidole cha shahada, chenye mchanga kwenye kucha. "Na ukuta unatoa jasho, hata asubuhi kwenye baridi. Nimeandika ripoti tatu. Nadhani wanazitafutia fremu wazitundike."

"Na walioko chini ya bwawa?"

"Wanapanda mboga. Ardhi ya pale imelowa siku hizi, wanasema ni neema."

Aligonga muhuri. Goti lake lilikuwa likigusa droo yenye faili la Mpimaji huyohuyo. Mpimaji akashukuru, akatoka, akaacha nyayo za tope sakafuni. Mfagiaji alipokuja, Mama Mafaili alimwambia aziache mpaka zikauke.

Nyumbani mume wake, fundi cherehani, alimtazama akichezea chakula.

"Unakula kama mtu aliyedondosha sindano kwenye sahani."

Akamweleza yote, na la dereva pia.

"Karatasi mbili tu, mke wangu. Na sisi tunakaa mlimani. Maji hayapandi mlima."

"Na wa bondeni?"

"Wa bondeni wana Mungu wao."

Baada ya kusema hivyo hakumtazama tena. Alichukua kitambaa kilichokwisha kunjwa, akakikunjua, akakikunja upya, akarudia, mpaka mke wake akaondoka mezani.

Jumatano asubuhi Mama Mafaili alifungua kabati, mkoba ungali begani. Rafu ya kwanza, ya pili. Ya tatu alilipita pengo la Mpimaji. Ya nne. Rafu ya tano, juu kabisa, kiganja kikatumbukia tena, na safari hii alisimama pale mkono umo ndani kana kwamba umeshikwa. Ni mahali pa faili lake mwenyewe. Kadi hakuna.

Alirudisha mkono, akaunusa bila kujua kwa nini. Kisha akakaa, akafungua droo, akatoa faili la Mpimaji na kalamu nyekundu.

Themanini na sita. Themanini na saba, na mkia wake. Kalamu ikasimama. Mwandiko ungekubali tarehe yoyote, huo ndio ulikuwa ubaya wake. Akakata kauli. Chini ya namba zote mbili akaandika tarehe ya Jumatano ile.

Akampelekea karani, kwa kuwa hakuna karatasi inayoingia kwenye faili pasipo daftari la masjala kuijua. Mzee alisoma, akainua miwani, akasoma tena.

"Barua za mwaka jana, mwanangu. Hii tarehe uliyoweka ni ya leo."

"Zimeingia lini, mzee wangu?"

Karani alitazama mlango. Nje kulikuwa na mtu anatembea, wakasubiri viatu vipite.

"Leo," akasema.

"Basi andika leo."

Akaandika, akaupuliza wino. "Mimi nimepokea kama ilivyoletwa," akasema taratibu, kama anayejifunza maneno ya kuja kuyasema mbele ya watu. "Na wewe?"

"Mimi sipo."

Alilirudisha faili kwenye rafu ya tatu, kisha akatoka ukumbini. Mpimaji alikuwa amekaa juu ya begi la vipimo, anangoja gari.

"Kila mtumishi ana haki ya kusoma faili lake," akamwambia. "Liombe sasa hivi, kwa maandishi, karani akugongee muhuri wa kupokea. Tazama ukurasa wa themanini na sita na unaofuata. Soma tarehe ya barua, kisha soma tarehe yangu. Ukimaliza, nenda kwa wakaguzi na ripoti zako zote tatu."

"Mama, mbona unanitisha? Gari langu hilo linakuja."

"Liache liende."

Mpimaji alitaka kutania, akaona uso wake, akaacha. Akainuka, akaenda masjala bila kubisha.

Saa sita kasoro robo simu ya mezani ikalia. Aliijua ile milio mifupi, ni ya juu. Hakuipokea. Alichukua kadi moja nyekundu, akaandika jina la faili lake, akaandika aliyelichukua: Ofisi ya Mkurugenzi, akaweka tarehe, akaisimamisha kwenye pengo la rafu ya tano. Akalifunga kabati. Ufunguo akauacha mezani juu ya kalamu nyekundu. Sweta lake lilibaki mgongoni mwa kiti. Simu ilinyamaza, ikaanza tena, na juu ya dari akasikia kiti kikisukumwa.

Getini mlinzi alimsogezea daftari la wanaotoka saa za kazi.

"Mapema leo, Mama Mafaili. Umeiba nini?"

"Nimerudisha," akasema, akaandika jina na saa.

"Hapa hujajaza. Saa ya kurudi."

"Nimepaona."

Mlinzi alicheka, akadhani ni utani, akamfungulia. Mawingu yalikuwa yamelala mazito upande wa bwawa, na barabara ilikuwa imeanza kupata matone makubwa, moja hapa, moja kule. Alitembea akiwa ameukumbatia mkoba, asigeuke, na simu ikawa inasikika kupitia dirisha lake lililo wazi mpaka alipokata kona. Mlinzi aliliacha daftari wazi mpaka jioni akimngoja aje ajaze. Hakuja siku ile, wala siku nyingine yoyote.