Kitunguu cha Jirani

Mpishi wa Mzungu kule juu Dundori alikuwa na mikono mipana yenye harufu ya sabuni, maana hakumshika paka kabla hajanawa. Kila akipika nyama alitoa kwanza vipande vitatu, akaviweka kwa kisahani cha bati, ndipo akatia vitunguu sufuriani. Kisahani kilikuwa cha paka. Sisi wa kambi ya wafanyakazi tulimcheka sana. Mimi hasa nilisema paka ni wa makombo, na wangu alikula ugali kwa mchuzi wangu wenye vitunguu tele, akayalinda mahindi yangu yasiliwe na panya. Mwaka wa hamsini na sita paka wangu akalegea, panya wakaingia guniani mchana kweupe. Nikambeba kwa leso mpaka jikoni kwa mpishi. Akanawa, akampanua mdomo kwa kidole gumba. Fizi zilikuwa nyeupe kama unga.

“Mama Cheptanui, umempa kitunguu?”

“Mimi? Siwezi! Labda jirani.”

Akafuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Sauti yake haikupanda hata siku moja.

“Basi mwambie huyo jirani kitunguu kinakula damu ya paka, hata kikiiva, hata mchuzi wake tu. Akiacha leo, huenda huyu akapona. Asipoacha, mtamzika.”

“Nitamwambia. Lakini huyo jirani ana kichwa kigumu.”

“Namjua,” akasema, akanifungia vipande viwili vya nyama isiyotiwa kitu.